Tusitie Sumu Katika Riziki ya Paka



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Wiki hii tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya haki za jirani. Mada hiyo hatuiachi, ila leo tutaiingia kwa mlango mdogo ambao wengi wetu huupita bila ya kuutazama, nao ni mlango wa paka na mbwa walio kati yetu, na sumu tuziwekazo ndani ya nyumba zetu. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani si uungwana kumwonya mwenzako kwa jambo ambalo wewe umelificha.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Kama ilivyo ada ya nyumba nyingi hapa Mombasa, tulikuwa tumeweka akiba ya Ramadhani mapema: mchele, unga wa ngano, sukari, tende na pojo, vyote katika stoo iliyo upande wa uwani. Panya nao wakaijua njia ya stoo. Walitoboa gunia la mchele, wakatafuna mfuko wa unga, na usiku tukawa twazisikia mbio zao juu ya dari. Siku moja baada ya Adhuhuri akapita mchuuzi na kipaza sauti chake, akinadi dawa ya panya, kunguni na mende. Tukanunua vipakiti vinne vya chembechembe nyekundu. Havikuwa na jina la dawa, wala maelezo, wala onyo. Mama watoto akatuuliza, "Na paka je?" Tukamjibu kwa kujiamini kwamba paka hali nafaka.

Ni kweli, paka hakula nafaka. Alikula panya.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mjane, mtu mzima, ambaye watoto wake wametawanyika kutafuta maisha. Mwenzake wa kila siku alikuwa paka wa rangi ya dhahabu aliyemwita Ambari. Asubuhi Ambari hulala barazani kwa bibi huyo, na jioni huja kwetu kuwinda. Siku ya tatu baada ya kutega, mbio za darini zilipungua, nasi tukafurahi. Siku ya tano tulimkuta Ambari amejilaza kando ya birika la uwani, akiitwa hainuki. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi, na puani palikuwa na damu. Mjane alidhani ni jicho baya. Nyumbani kwetu mmoja akamtilia maziwa mdomoni, kwa kuwa tumelelewa tukiambiwa kuwa maziwa huvunja sumu. Hatimaye tulimtia ndani ya kikapu, tukapanda tuktuk, tukavuka daraja la Nyali hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimfunua mdomo, kisha akatutazama. "Sheikh, nyumbani mmetega sumu ya panya?"

Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ndiyo jawabu. Akatueleza kwamba nyingi katika sumu hizo hazimwui panya papo hapo. Huizuia damu isigande kwa kuvuruga kazi ya vitamini K mwilini. Panya huendelea kutembea siku kadhaa huku damu ikivuja ndani kwa ndani, na kadiri anavyodhoofika ndivyo anavyokuwa windo jepesi. Paka au mbwa amlaye huila sumu ile pamoja naye, na dalili huchelewa kuonekana siku 2 hadi 5, pengine zaidi. Mnyama akifikishwa mapema hupewa vitamini K kwa wiki kadhaa na huweza kupona. Ambari hakuwa amefikishwa mapema. Alikufa juu ya meza ya daktari kabla ya Alasiri.

Tulirudi na kikapu, tukabisha hodi kwa jirani, tukamwambia ukweli wote na kumwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu akikiangalia kikapu. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekusamehe. Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Lakini mjukuu wangu akija huku likizo, yeye pia huingia uwani kwenu. Naye hutia mkononi kila akionacho."

Wapenzi wasomaji, tumefundisha madrasa kwa zaidi ya miaka 25, na tumesomesha mara nyingi kanuni ya kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Siku ile tulisomeshwa sisi.

Panya ana hukumu yake

Huenda mtu akasema: panya si mharibifu? Mtume (S.A.W.) hakuruhusu auawe? Naam, ameruhusu, na ametutahadharisha kwamba panya huweza kuuvuta utambi wa taa akawachomea watu nyumba yao. Hakuna alazimishwaye kuwaachia panya mchele wa watoto wake.

Lakini ruhusa hiyo ina adabu zake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, hata katika kuua: auaye na aue kwa namna iliyo nzuri, asimtese kiumbe. Kumwacha kiumbe avuje damu ndani kwa siku nyingi hakufanani na adabu hiyo. Tena mtego humnasa aliyeukanyaga, ukaishia hapo. Sumu haiishii kwa panya. Hutoka ndani ya tumbo lake ikaingia kwa paka, kwa mbwa, kwa bundi na kwa kuku wa jirani aliyeudonoa mzoga.

Na iko hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha huru ajitafutie katika vijidudu na vijinyama vya ardhini. Sisi tulizoea kuisoma kama hadithi ya njaa. Baada ya kifo cha Ambari tumeisoma upya, na tumeona kwamba imetaja pia haki ya paka ya kuwinda. Vile vijinyama vya ardhini ndivyo riziki yake aliyokadiriwa na Mola wake. Mwanamke yule alimzuilia paka riziki yake, na sisi tuliitia sumu. Kila mmoja wetu na apime ni lipi lililo jepesi zaidi kulijibu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Zingatieni pia mapokezi ya Kabsha, mke wa mwana wa Abu Qatada (R.A.). Alimtilia mkwewe maji ya kutawadha, akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha alipomwangalia kwa mshangao, alimsimulia kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wenye kutuzunguka majumbani mwetu. Anayekuzunguka hunywa katika chombo chako, hulala juu ya mkeka wako na hula kilichodondoka. Basi usafi wa nyumba yako ndio usalama wake, na uzembe wako ndio maangamizi yake.

Unajisi si hukumu ya kifo

Tuseme na neno juu ya mbwa, kwa kuwa hapa ndipo wengi tunapoteleza. Katika madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hii inahusu vyombo vyetu, nguo zetu na swala zetu. Haikusema kamwe kwamba uhai wa mbwa ni bure. Tunasikitika kusikia kwamba wako watu katika mitaa yetu wanaopaka sumu kwenye nyama na kuitupa vichochoroni, kisha wakalala wakidhani wameutakasa mtaa.

Mtume (S.A.W.) huyohuyo aliyetufundisha kuosha chombo mara saba, ndiye aliyetusimulia juu ya mtu aliyeteremka kisimani akakijaza kiatu chake maji ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama tunalipwa hata kwa wanyama, aliwajibu kwamba katika kila chenye uhai mna ujira. Na katika Suratul Kahf, Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni pamoja nao. Mbwa wa ulinzi wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na mabawabu wengi wanaolinda maduka na majumba yetu usiku wanaye mbwa wa namna hiyo.

Mbwa mwenye kushambulia watu ana hukumu nyingine, na mwenye kuogopa kichaa cha mbwa ana haki ya kuogopa. Njia yake ni kupiga ripoti kwa afisa wa mifugo wa kaunti na kuhimiza chanjo. Nyama yenye sumu haichagui mbwa mwenye kichaa. Humpata paka mwenye njaa na mtoto mchanga wa akili. Sheria ya nchi yetu nayo, Sura ya 360, inakataza ukatili dhidi ya wanyama.

Sumu tusizozihesabu kuwa sumu

Sumu ya panya angalau inajulikana kwa jina lake. Ziko nyingine zilizomo kabatini na jikoni ambazo hatuzidhanii ubaya, na nyingi tunampa mnyama kwa mikono yetu tukikusudia wema.

Ya kwanza ni dawa zetu za maumivu. Paka akichechemea, mtoto mwenye huruma humpondea kidonge cha parasetamoli. Ini la paka halikuumbwa kama letu, wala haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua. Fizi zake hugeuka rangi ya udongo au samawati, uso na miguu ikavimba, na pumzi zikambana. Ibuprofeni nayo hutoboa tumbo na kuharibu figo za paka na mbwa. Asipewe mnyama dawa ya binadamu ila kwa amri ya daktari wa mifugo.

Ya pili ni dawa za viroboto na kupe. Dawa ya mbwa yenye pamethrini si dawa ya paka. Akipakwa, paka hutetemeka mwili mzima na kuingiwa na kifafa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe haipimwi kwa macho na kumiminwa juu ya mbwa mdogo. Na ile desturi ya kumpaka paka mafuta ya taa ili viroboto vimtoke tuiache kabisa. Mafuta hayo huunguza ngozi, naye huyalamba, yakaingia mapafuni.

Ya tatu ni vitu vya usafi. Paka hujilamba mwili wake wote. Kwa hiyo akipita juu ya sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, kilichomo kwenye sakafu huishia tumboni mwake. Zilizo hatari zaidi kwake ni zile dawa za kuua viini ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji. Tupime kiasi kilichoandikwa, tusuuze kwa maji safi, na mnyama asiingie mpaka sakafu ikauke. Ndoo yenye klorini isiachwe wazi usiku kucha. Mipira ya naftalini tuwekayo kati ya mabuibui na nguo za Idd ni sumu kwa paka na mbwa, na ni sumu kwa mtoto anayedhani ni peremende. Mafuta ya karafuu yanayotuliza jino letu, nayo yasipakwe paka.

Ya nne ni chakula chetu wenyewe. Hii imetushangaza sisi, na yumkini itawashangaza akina mama wengi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za paka na mbwa. Paka ndiye dhaifu zaidi. Wali uliorowa mchuzi wa biriani, tunaomtilia paka kwenye kisahani baada ya karamu, haumwui siku hiyo, lakini ukiwa ndio chakula chake cha kila siku hummaliza damu kidogo kidogo. Basi kichwa cha samaki na tukitenge kabla ya kukiungia mchuzi, tukichemshe kwa maji matupu, na hiyo itakuwa sadaka iliyo safi. Mbwa naye asipewe zabibu kavu zilizobaki kwenye pilau, kwani zaweza kumharibu figo, wala asipewe chokoleti ya watoto.

Mnyama akipatwa

Dalili hutofautiana. Mwenye kutokwa na mate mengi, kutetemeka na kubanwa na pumzi huenda amekula dawa ya wadudu ya shambani, na huyu hana muda wa kungoja hata saa moja. Mwenye fizi nyeupe, damu puani au kwenye kinyesi, na uchovu uliozidi, mfikirieni kuwa amekula sumu ya panya, hata kama sumu iliwekwa wiki iliyopita.

Mtoeni penye sumu. Mkichukue kipakiti, chupa au mabaki yake mwende nayo kwa daktari, kwa kuwa kila sumu ina tiba yake. Msimpe maziwa, wala mafuta, wala maji ya chumvi. Maziwa hayavunji sumu, na mnyama aliyelegea hupaliwa. Msimlazimishe kutapika, hasa aliyekunywa mafuta ya taa au klorini, kwani kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Kama sumu iko juu ya manyoya, moshweni kwa sabuni na maji mengi, mkiwa na glavu mikononi. Na aliye mbele yake mbwa anayekata roho asisite kwa kuogopa unajisi. Ambebe ndani ya gunia, kisha akirudi aoshe pale palipopata mate, mara saba na moja kwa udongo, na swala yake itasihi.

Stoo bila ya sumu

Mtauliza: na panya wetu tuwafanye nini? Tutawaambia tulivyofanya sisi, nasi tungali na mchele ndani ya stoo.

Kwanza tuliwanyima chakula. Magunia yaliingia ndani ya mapipa yenye vifuniko, na kila chombo sasa hufunikwa usiku kwa Bismillahi kama tulivyoamrishwa na Mtume (S.A.W.). Tulikuwa tukilifuata agizo hili kwenye mtungi wa maji tu. Taka hutoka kabla ya Isha. Pili, tuliyaziba matundu kwa saruji, na pale penye bomba tulishindilia nyaya za kusugulia sufuria, ambazo panya hapendi kuzitafuna. Tatu, tulinunua mitego minne ya springi, tukaitia ndani ya masanduku yenye tundu la kumtosha panya pekee, ili mguu wa paka na kidole cha mtoto visifike. Kazi hiyo ilituchukua Ijumaa mbili na gharama yake haikushinda ile ya tuktuk na daktari.

Na aliyelazimika kabisa kutumia sumu, basi ajue masharti yake. Anunue dukani dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, yenye lebo inayosomeka, si ile ya kipaza sauti. Asiichanganye na samaki wala nyama. Aiweke ndani ya sanduku lililofungwa, ahesabu vipande alivyoviweka, na kila asubuhi aokote mizoga kwa glavu na kuizika kwa kina. Na awaambie majirani zake kabla, si baada. Laiti sisi tungalibisha hodi siku ile ya kwanza, mjane yule angalimfungia Ambari ndani, au angalitukataza, na yote mawili yangalikuwa kheri.

Vipakiti viwili tulivyobakiwa navyo hatukuvitupa jalalani, maana jalalani ndiko wanakokula paka wa mtaa mzima. Tulimpelekea daktari yule, naye akavipokea.

Mwezi uliopita mjane wetu aliletewa mwana wa paka, mweusi mwenye kifua cheupe. Siku ya tatu alikuja naye mlangoni kwetu amemkumbatia, akamweka chini uwani, akamwambia mama watoto, "Huyu nawaachia mjuane. Atakuwa akija." Nasi tumeipokea ile kuwa ni amana.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa kutojua na tuliyoyatenda kwa kutojali. Azijaalie nyumba zetu ziwe mahali pa salama kwa kila aingiaye, mwenye miguu miwili na mwenye miguu minne. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.